Paka Aliyeng'olewa Makucha na Bado Anaumwa: Soma Dalili, Tafuta Sababu

Jina la upasuaji huu linapotosha. Tukisema paka "ameng'olewa makucha", msikilizaji huwaza kitu kama kukata kucha za vidole vyetu, ila hadi kwenye shina. Lakini ukucha wa paka unaota kutoka kwenye mfupa, ile pingili ya mwisho ya kidole. Ili usirudi, pingili yenyewe ndiyo hukatwa. Kwa miguu ya mbele peke yake hiyo ni mikato kumi, vidole vitano kila upande, na kila mkato unapita kwenye kiungo, kano, mishipa ya damu na neva. Ukilishika hilo, huna haja ya kuuliza kwa nini matatizo ni mengi. Unachohitaji kujua ni lipi kati yake limempata paka wako.

Mimi nilijifunza kwa kuchelewa. Nilimpokea paka jike wa miaka sita, tayari ameng'olewa makucha na mtu aliyekuwa naye kabla yangu. Alikuwa akikojoa kwenye zulia, akiuma mkono ukimgusa miguu, na akilala amekunja miguu ya mbele chini ya kifua kila saa ya mchana. Nilidhani ana hasira ya kuhamishwa. Nilibadilisha sanduku lake la kujisaidia, chakula, chumba, hata sabuni ya kufulia. Miezi minane ilipita kabla ya mtu yeyote kumpiga picha za eksirei za vidole. Vidole vitatu vilikuwa na vipande vya mfupa ambavyo havikupaswa kubaki. Muda wote huo nilikuwa nikimwita mkaidi. Ninaandika haya ili mwenye paka kama huyo asipoteze miezi minane.

Kwanza hesabu siku

Dalili moja huwa na maana tofauti kulingana na siku zilizopita. Paka aliyetoka kwenye nusukaputi jana, anakanyaga kwa hadhari na ameacha tone la damu kwenye shuka, hajaachana na kawaida. Siku ya ishirini akiacha tone hilohilo, kuna kitu kimeharibika ndani.

Kwa kawaida siku mbili tatu za mwanzo ndizo nzito. Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi, na baada ya hapo anatakiwa kutembea bila kuchagua pa kukanyaga. Paka mdogo hupona upesi. Aliyekomaa, na hasa mnene, huchelewa, maana miguu ya mbele ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili na ndiyo anayotangulia nayo anaporuka chini. Lakini hata anayechelewa, leo yake huwa afadhali kuliko juzi. Kama hali imeganda, au ilikuwa inapungua kisha ikarudi nyuma, usiendelee kusubiri.

Jambo moja halingoji hesabu ya siku, nalo ni chakula. Paka asiyekula kwa siku moja nzima baada ya upasuaji, mpigie daktari wa mifugo. Zikifika mbili au tatu, ini linaweza kuanza kujaa mafuta, na paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Huo ni ugonjwa wa pili unaoweza kumuua kabla vidonda havijapona.

Damu

Bendeji nyingi hutolewa ndani ya siku moja baada ya upasuaji, na matone machache wakati huo ni ya kawaida. Damu inayotiririka siyo. Bana mguu kwa kitambaa safi kwa dakika tano hadi kumi bila kuchungulia kila mara, maana kila ukichungulia unang'oa donge lililokuwa linaziba. Isipokoma, ni safari ya kliniki.

Damu inayoanza upya siku ya tatu, ya tano au ya saba maana yake kidonda kimefunguka. Huenda ameruka kutoka juu, amelamba hadi nyuzi zimeachia, au gundi iliyotumika kufunga ngozi imebanduka mapema. Mweke kwenye chumba kimoja kisicho na pa kupanda na umvalishe kola ya shingoni, ile pana kama faneli inayomzuia kujilamba. Usimfunge bendeji mwenyewe. Bendeji iliyokazwa kupita kiasi huzuia damu, na tishu za mguu zinaweza kufa ndani ya muda mfupi. Kama ametoka kliniki na bendeji na unaona mguu umevimba juu yake au umekuwa wa baridi, au anaing'ata bendeji kama anayepigana nayo, piga simu saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Mguu umevimba, unanuka, na haachi kuulamba

Haya ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Angalia kama kuna wekundu, joto, usaha, au kidole kimoja kilichonona kuliko vingine. Joto la mwili la paka mzima wa afya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Likipita 39.5 akiwa ametulia, na amenyong'onyea, usilale nalo.

Chanzo cha kwanza ni mchanga wa sandukuni. Mchanga wa udongo, hasa ule unaogandamana ukilowa, huingia kwenye vidonda na kukaa humo. Kwa wiki mbili za mwanzo mwekee vipande vya karatasi au chembe za karatasi iliyoshindiliwa. Chanzo cha pili ni ulimi wake. Cha tatu ni gundi iliyoingia ndani ya kidonda badala ya kubaki juu ya ngozi, mwili ukaanza kuisukuma kama unavyosukuma mwiba.

Chanzo cha nne ndicho kinachosahaulika. Kama kidole kilekile kinajaa usaha, kinapewa antibiotiki, kinakauka, kisha baada ya wiki chache kinajaa tena, usikubali kupewa chupa ya tatu ya dawa ileile. Humo ndani kuna kitu, ama kipande cha mfupa kilichoachwa, ama mfupa ulioambukizwa na kufa. Dawa huua vijidudu vilivyo nje, lakini makazi yao yanabaki palepale. Hapo ni eksirei, na mara nyingi ni upasuaji.

Kusafisha, tumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kama daktari ameruhusu kabisa kusafisha. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe zina viambato vya jamii ya fenoli. Paka huvilamba, na ini lake haliwezi kuviondoa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huchoma nyama mpya inayojaribu kufunga. Mafuta ya mti wa chai, ambayo watu huyasifu kwa kila kidonda, ni sumu kwake.

Anaburuta mguu au anakanyagia mgongo wa unyayo

Hili halitoki kwenye vidole. Wakati wa upasuaji, mguu hufungwa kwa mpira juu ili damu isitoke. Mpira ukikazwa sana, ukakaa muda mrefu, au ukafungwa juu ya kiwiko, unaweza kuibana neva inayonyoosha mguu. Paka huamka na mguu uliolegea, unyayo umekunjwa kwa nyuma. Neva iliyobanwa tu inaweza kurudi baada ya wiki au miezi, iliyoharibika sana huenda isirudi. Daktari aambiwe siku hiyohiyo. Kwa sasa kazi yako ni kuzuia ngozi ya mgongo wa unyayo isichubuke, kwa hiyo alale na atembee juu ya kitu laini.

Wiki zimepita, bado hatembei sawasawa

Hapa ndipo paka wengi hupotelea, kwa sababu paka hana desturi ya kulia anapoumwa muda mrefu. Anachofanya ni kuishi kidogo. Kiti alichokuwa akikirukia mara moja anakipanda kwa hatua mbili, halafu anaacha kukipanda. Mwenyewe unasema amekua, ametulia.

Mwangalie kwenye sakafu ngumu, kisha kwenye zulia nene. Akibadilika, akatembea vizuri zaidi kwenye laini, maumivu yako chini ya nyayo. Angalia kama akisimama anainua mguu mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyesimama peku juu ya lami ya jua kali. Angalia kama anakung'uta mguu ambao haukulowa, anatafuna vidole usiku, au anaegemeza uzito kwenye miguu ya nyuma hadi mgongo unapinda. Mrekodi kwa simu akitembea kuja kwako, akienda, na akipita kwa upande. Kliniki paka wengi hukauka kwa woga na kuficha kila kitu, na video yako itasema yale ambayo meza ya daktari haitaonyesha.

Uso nao una habari: masikio yaliyotengana na kuelekea pembeni, macho yaliyobanwa nusu, mdomo uliokaza, masharubu yaliyonyooka mbele, kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Ukiviona hivi kwa pamoja akiwa macho na hakuna kilichomtisha, amini kwamba anaumwa.

Sababu zenyewe ziko kadhaa, na paka mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu.

Ya kwanza ni vipande vya mfupa vilivyobaki. Pingili ya mwisho ina umbo la kulabu, na kwa chini ina kinundu ambacho kano ya kukunjia kidole imejishika. Mkasi maalumu wa kukatia, ule unaofanya kazi kama kisu cha kudondoka, mara nyingi huacha kinundu hicho nyuma. Kano inaendelea kukivuta, nacho kinakaa katikati ya mfupa na sakafu kama kokoto ndani ya kiatu kisichovuliwa. Na hili si la nadra. Utafiti uliolinganisha paka 137 waliong'olewa makucha na 137 wenye makucha yao ulikuta vipande vya aina hii kwa asilimia 63 ya waliong'olewa. Walioachiwa vipande ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi kwa maumivu ya mgongo, kuuma na kukojoa nje. Lakini hata waliokatwa kwa usafi walikuwa na matatizo hayo kuliko wenye makucha.

Ya pili ni kano kujikunja. Ncha iliyokatwa hurudi nyuma na kushikamana mahali pasipo pake, kidole kinabaki kimepinda. Ukijaribu kukinyoosha taratibu hakinyooki, na paka anatembea kwa ncha ya pingili iliyobaki. Ngozi ya hapo huota sugu nene, wakati mwingine kama msumari mdogo wa ngozi ngumu, na hiyo sugu nayo inaumiza. Kuikwangua kunampa nafuu ya siku chache tu, maana kinachoikuza ni mfupa unaosukuma kutoka ndani.

Nyingine ni mito ya nyayo, ile minofu laini anayokanyagia, iliyokatwa kwa bahati mbaya wakati wa upasuaji ikapona na kovu gumu. Mfupa wa pingili ya kati uliotoboa au unaokaribia kutoboa ngozi. Na maumivu ya neva zenyewe, ambapo eksirei ni safi na kidole kimefunga vizuri lakini paka anaruka ukigusa manyoya tu. Hili la mwisho hutibiwa kwa dawa za neva kama gabapentini, na daktari asiyelifikiria atakwambia hakuna kitu.

Kisha kuna mgongo. Paka hutembea kwa vidole. Ukiondoa ncha za vidole, mzigo unahamia nyuma, viwiko na uti wa mgongo vinafanya kazi visiyoizoea kwa miaka. Paka mzee aliyeng'olewa makucha akiwa mtoto, ambaye leo ngozi ya mgongo inatetemeka ukimpapasa karibu na mkia, apimwe miguu na mgongo kwa pamoja.

Ukucha umerudi

Watu hushangaa, wengine hufurahi. Si habari njema. Chembe za kuotesha ukucha ziko kwenye sehemu ya juu ya ile pingili, na zikibaki kidogo tu, ukucha huota, miezi au hata miaka baadaye. Hutoka umepinda, mnene au kama kijiti, na wakati mwingine hautoki kabisa bali unaota chini ya ngozi. Huo wa chini ya ngozi ndio mbaya. Utaona uvimbe mgumu kwenye kidole kimoja, siku moja unapasuka na kutoa usaha. Usiukate wala kuuvuta nyumbani. Tiba yake ni kuondoa mabaki chini ya nusukaputi.

Anakojoa nje ya sanduku

Kabla ya kufikiria miguu, ondoa hatari moja mezani. Paka dume anayeingia sandukuni mara kwa mara, anajikaza, analia, na kinachotoka ni matone au hakuna kitu, huenda njia ya mkojo imeziba. Hiyo ni dharura ya saa chache. Kwa dume na jike pia, mkojo upimwe kwanza kwa maambukizi, mawe, figo na kisukari. Kuwa na shida ya vidole hakumkingi paka na shida ya kibofu.

Mkojo ukiwa safi, rudi miguuni. Paka hufukua kabla na kufukia baada, na kufukua ni kazi ya vidole. Aliyefukua mchanga mkali juu ya vidonda vibichi amejifunza kwamba sanduku linauma, na anaweza kushikilia somo hilo hata baada ya vidonda kupona. Mwenye vipande vya mfupa anaumia kila siku upya. Hivi ndivyo nilivyopaswa kusoma zulia langu. Hakuwa akikojoa popote, alichagua kitu laini kisichohitaji kufukuliwa.

Jaribio ni rahisi. Weka masanduku mawili kando kando kwa wiki moja hadi mbili, moja lenye mchanga wa kawaida, la pili lenye karatasi iliyochanwa laini au mchanga wa chembe ndogo kabisa, kina cha vidole viwili tu. Ukingo wa mbele uwe mfupi ili asilazimike kuruka. Akienda kwenye laini, umepata jibu na umepata ushahidi wa kumpelekea daktari. Mazulia yaliyokojolewa osha kwa dawa yenye vimeng'enya, kwa sababu harufu iliyobaki ni mwaliko. Na usimkaripie. Utamfundisha tu kujificha, nawe utakosa hata dalili uliyokuwa nayo.

Ameanza kuuma

Paka mwenye makucha huonya kwa kofi. Asiye nayo onyo lake limekatwa, anakwenda moja kwa moja kwenye meno. Kama anauma ukigusa miguu au mgongo tu, ni maumivu. Kama anauma kila anapokaribiwa, bado anza na maumivu, kisha utafute mengine. Mtu akiumwa na paka, jeraha liwe dogo kiasi gani, aoshe kwa sabuni na maji mengi na aonwe na daktari, kwani meno ya paka huingiza vijidudu ndani kabisa, na kichaa cha mbwa nacho hupitia humo.

Makucha yapo, ila hayachomozi

Huyu hakung'olewa. Amekatwa kano inayochomoza ukucha, na ukucha umeachwa mahali pake. Kwa kuwa hawezi kuparura, makucha hayajisugui, yananenepa na kujikunja hadi yanachoma mito ya nyayo. Lazima yakatwe na mtu kila wiki moja mbili, maisha yake yote. Ukiona anachechemea, geuza unyayo utazame huko kwanza.

Dawa iliyo kabatini kwako inaweza kumuua

Usimpe parasetamoli. Si nusu, si robo, si ile ya watoto. Mwili wa paka hauna njia ya kutosha ya kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua. Damu yake inapoteza uwezo wa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa kahawia au bluu, na uso na miguu huvimba. Hapo mwenye paka, akiiona miguu imevimba, hudhani kidonda kimezidi na kumwongezea kidonge kingine. Kama tayari umempa, usingoje dalili. Mkimbize na useme kweli ulichompa na saa uliyompa, maana dawa ya kupambana nayo ipo na hufanya kazi ikiwahi. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo ziache kabatini.

Dawa za maumivu zinazofaa paka zipo, kama buprenofini, gabapentini na meloksikamu kwa vipimo vya paka, na daktari ataangalia figo kabla ya kuchagua. Ukirudishwa nyumbani baada ya upasuaji huu bila dawa yoyote ya maumivu, rudi ukaiombe.

Unapokwenda kwa daktari

Nchi nyingi za Ulaya, Uingereza ikiwamo, zimepiga marufuku upasuaji huu, na nchini Marekani jimbo la New York lilikuwa la kwanza kufanya hivyo, mwaka 2019. Ni jambo jema, lakini lina matokeo kwako. Unaweza kukutana na daktari mzuri ambaye hajawahi kushika mguu wa aina hii. Kwa hiyo mwelekeze. Mwambie tarehe ya upasuaji kama unaijua, njia iliyotumika, kidole gani kimesumbua na mara ngapi kimepewa antibiotiki. Mwonyeshe video. Omba eksirei ya miguu yote miwili ya mbele, vidole vimetenganishwa, kwa juu na kwa upande, kwa sababu kipande kidogo hujificha nyuma ya kidole cha jirani. Ukiambiwa "ni tabia tu" kabla ya picha kupigwa, omba picha kwa adabu, na ukikataliwa tafuta daktari mwingine.

Vikionekana vipande, upasuaji wa kurekebisha huviondoa, na daktari aliyezoea kazi hiyo anaweza pia kurudisha kano zilizojikunja. Mwenye mfupa uliobaki peke yake huwa na matumaini makubwa kuliko mwenye kano zilizokaza kwa miaka. Mnene apunguzwe uzito polepole, huku ukimpa ngazi au kisanduku cha kushukia kitandani.

Paka wangu alifanyiwa. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kama ilivyotarajiwa. Wiki ya tano nilisikia mchanga ukifukuliwa usiku, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aingie nyumbani. Kuuma kulipungua taratibu zaidi, na mguu wa kushoto bado hapendi uguswe. Tumekubaliana hivyo.

Anaparura kochi kwa miguu isiyo na kitu

Hii wengi huiuliza kama dalili, na siyo. Paka huparura ili kunyoosha mabega na mgongo, na kuacha harufu inayotoka kwenye nyayo zake, na hamu hiyo haikatwi pamoja na mfupa. Mwekee nguzo iliyofunikwa zulia laini, ndefu kiasi cha kujinyoosha mwili mzima, si ile ya kamba ngumu. Akiacha ghafla kuparura baada ya miaka ya kufanya hivyo kila asubuhi, hapo ndipo uanze tena kutoka juu ya ukurasa huu.